Mwenzi Aliyeachwa Njiani: Uhakiki wa "School Reunion" ya Doctor Who

"School Reunion" ni sehemu ya tatu ya msimu wa pili wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya safari za wakati, tangu irejeshwe hewani mwaka 2005. BBC iliirusha kwa mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 2006. Iliandikwa na Toby Whithouse, ikaongozwa na James Hawes, na inachukua takriban dakika 45, kwa hiyo haimli mtazamaji wa Kampala bando kubwa la intaneti. Naipendekeza kwa yeyote anayependa hadithi za kisayansi, na hata kwa asiyezipenda, kwa sababu kiini chake si majitu wala vyombo vya anga bali ni deni la kuaga: msafiri anayemwacha mwenzake njiani bila kumpa kwaheri kamili anamwachia mzigo gani?

Msomaji asiyeijua tamthilia hii anahitaji maelezo machache tu. Ilianza mwaka 1963. Mhusika wake mkuu huitwa Daktari bila jina jingine, naye ni Bwana wa Wakati kutoka sayari ya Gallifrey, anayesafiri katika chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi na kwa ndani ni kikubwa kuliko jengo. Anapokaribia kufa, mwili wake hujigeuza akapata sura mpya, ndiyo maana waigizaji mbalimbali wameshika nafasi hiyo kwa zamu. Safari zake hufuatana na binadamu mmoja au wawili, na miongoni mwa waliopendwa zaidi ni mwandishi wa habari Sarah Jane Smith, aliyeigizwa na Elisabeth Sladen kuanzia 1973 hadi 1976. Aliondoka Daktari alipoitwa kwao Gallifrey, mahali ambapo binadamu hakuruhusiwa kufika. Waliagana kwa ahadi ya kuonana tena, na Daktari akamshusha mahali alipodhani ni Croydon, kusini mwa London, kumbe ni Aberdeen huko Scotland, sawa na abiria aliyelipa nauli ya Entebbe akajikuta ameshushwa Kisoro. Tangu hapo Sarah Jane akangoja.

Miaka 30 baadaye Sladen anairudia nafasi hiyo, mara hii mbele ya Daktari wa kumi, David Tennant. Mahali pa kukutania ni shule ya sekondari ambayo matokeo yake yamepanda ghafla kupita kiasi baada ya mwalimu mkuu mpya, Bwana Finch, kufika. Daktari ameingia humo kama mwalimu wa fizikia kwa jina la John Smith, na mwenzake wa sasa, Rose, aliyeigizwa na Billie Piper, anagawa chakula jikoni akiwa amenuna. Watoto wanalishwa chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya ajabu yanayowaongezea akili. Hapa sikuweza kujizuia kufikiria hali yetu. Katika nchi ambamo matokeo ya mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yanapotangazwa magazeti hujaa picha za waliofaulu, shule ya namna hiyo isingepelelezwa na yeyote. Wazazi wangepanga foleni langoni tangu alfajiri, na swali lao pekee lingehusu karo. Mwandishi wa tamthilia ameugusa ugonjwa huo kwa kejeli nzuri, ingawa hakuufuatilia mbali.

Utajiri wa kipindi umo katika namna wawili hawa wanavyokutana, na jambo la busara ni kwamba wanakutana mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani ya chumba cha walimu, mchana, Sarah Jane akiwa amekuja kuandika makala kuhusu mwalimu mkuu. Daktari anamtambua papo hapo. Yeye hawezi kumtambua Daktari, kwa kuwa sura ni nyingine. Anaposikia jina la John Smith anasema tu kwamba aliwahi kuwa na rafiki aliyelitumia jina hilo. Tennant, ambaye alikuwa shabiki wa tamthilia hii tangu utotoni, anauacha uso wake ufanye kazi yote: furaha, haya, na fahari ya kumwona mwenzake wa zamani bado anauliza maswali yale yale ya kijasusi. Katika vibanda vyetu vya video, ambamo VJ huifasiri filamu kwa Kiganda na kuijaza maneno kila penye upenyo, dakika hiyo ingepotea kabisa, na ingekuwa hasara.

Mara ya pili ni usiku, Sarah Jane akiwa amejipenyeza shuleni kwa siri na kukuta TARDIS imefichwa. Anageuka, na mwenye kibanda amesimama nyuma yake. Hakimbilii kumkumbatia. Anamwambia kwamba alidhani amekufa, kwamba alimngoja na hakurudi. Sladen hapazi sauti wala halii kwa kishindo. Anazungumza kama mtu aliyeyarudia maneno hayo moyoni kwa miaka mingi na sasa anashangaa kuyasikia yakitoka. Nimeona hadithi nyingi za safari za wakati zinazoshughulikia mafumbo ya jana na kesho, lakini ni chache zinazokumbuka kwamba anayebaki nyuma huishi siku zake moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Kinachofuata kitazua mjadala. Rose na Sarah Jane wanapotambulishana, wanaanza kurushiana vijembe kuhusu umri na kuhesabiana majitu waliyoyaona, huku Mickey, mchumba wa Rose aliyeachwa kando, akimcheka Daktari kwamba amenaswa kati ya mke wa sasa na wa zamani. Mtazamaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa: huu ni ukewenza, na umeandikwa kwa jicho la mtu aliyeuchungulia kutoka dirishani. Nadhani mwandishi aliuchukua mkato. Sarah Jane ni mwanamke mwenye kazi yake, gari lake na ujasiri wa kuvunja shule ya watu usiku, na kumpunguza awe mwenye wivu mbele ya binti mdogo ni kumpunja. Hata hivyo kosa hilo linarekebishwa haraka, pale wawili hao wanapokumbuka vituko vya Daktari na kuangua kicheko ambacho hawawezi kukizuia, naye anaingia asijue ni yeye anayechekwa. Wake wenza wakishaanza kumcheka mume, nyumba imepata mwenyewe mpya.

Rose ndiye anayebeba swali zito zaidi, kwa sababu katika Sarah Jane anaiona kesho yake. Anapomkabili Daktari barabarani, anajibiwa kwamba binadamu anaweza kuyatumia maisha yake yote pamoja naye, ilhali yeye hawezi kuyatumia yake yote pamoja na binadamu. Atabaki kumtazama akizeeka. Jibu hilo ni la kweli na pia ni la kujitetea. Napenda kwamba kipindi hakimwachi Daktari aende nalo bila kuulizwa zaidi: Finch baadaye anamwahidi uwezo wa kubadili ulimwengu wote, kuwarejesha watu wake wa Gallifrey walioangamia, na kuwafanya wenzi wake wasizeeke kamwe, naye Daktari anayumba. Anayemzuia ni Sarah Jane, aliyepoteza zaidi kuliko wote, akisema kwamba maumivu nayo hutuumba na kila kitu kina mwisho wake. Maneno hayo yangetoka kinywani mwa Daktari yangekuwa hotuba. Yakitoka kwake yana gharama.

Kuhusu majitu yenyewe nina machache ya kusema. Wakrillitane, yaani Finch na walimu aliokuja nao, ni jamii inayojichukulia maumbile ya kila taifa inayolishinda, na safari hii wamekuwa mfano wa popo wakubwa, waliochorwa kwa kompyuta kwa kiwango cha mwaka 2006, na wanaonekana hivyo. Mpango wao wa kuwatumia watoto kama mashine ya kukokotoa siri ya ulimwengu unaelezwa kwa sentensi mbili tatu na kumalizwa kwa mlipuko. Anthony Head, katika nafasi ya Finch, anaokoa mengi kwa utulivu wake wa kutisha, hasa pale yeye na Daktari wanapokabiliana kandokando ya bwawa la kuogelea. Mbwa wa bati K9, aliyeletewa Sarah Jane kama zawadi ya Daktari katika kipindi cha 1981, anarudi akiwa na kutu na anachekesha bila kudharauliwa; sauti yake ni ya John Leeson, yule yule wa zamani.

Mwishoni Daktari anamwomba Sarah Jane wasafiri tena, naye anakataa. Anachotaka ni kuagwa, safari hii kwa neno lenyewe, na anaagwa. Mickey ndiye anayeomba kiti, na uso wa Rose unaonyesha wazi kwamba hakufurahi. Waandishi wameliacha jambo hilo likining'inia, na sehemu zinazofuata zinalishughulikia.

Wazazi wajue kwamba mwanzoni kabisa Finch anamla mwanafunzi yatima, ingawa hatuoni tendo lenyewe, na kwamba walimu wanalala wakining'inia juu chini ofisini. Mtoto mdogo asiachwe atazame peke yake usiku. Atakayempenda Sarah Jane anaweza kuendelea na The Sarah Jane Adventures, tamthilia ya watoto iliyotokana na mafanikio ya kipindi hiki na iliyodumu kuanzia 2007 hadi 2011, mwaka ambao Sladen alifariki. Aanze na "School Reunion" kwanza, kwa maana huko mbele hakuna anayesimuliwa upya kisa cha Aberdeen kwa kirefu namna hii.