Bandcamp: duka la muziki linalotunza majina ya wapigaji

Nimepiga besi katika albamu tatu, zote za watu wengine. Juzi rafiki yangu alinitumia mojawapo kunisifia. Alikuwa ameishusha bure kwenye tovuti ya wizi. Nikaifungua. Penye jina la msanii pameandikwa anwani ya tovuti. Penye jina la albamu, anwani ileile. Mpiga dramu, fundi aliyerekodi, mimi mwenyewe: wote tumefutwa. Na sauti imebanwa hadi matoazi yanasikika kama mchanga unaochekechwa.

Nami nilishusha hivyohivyo kwa miaka, tangu enzi za Napster, programu ya kugawana nyimbo bure mtandaoni, kwa hiyo simhukumu. Nilimwelekeza Bandcamp, ninakonunua siku hizi.

Tovuti hii ipo tangu 2008. Unasikiliza kwanza, ukipenda unanunua, na faili inakuwa yako: MP3, au FLAC ambayo haijapunguzwa kitu. Haina kufuli, waihamishia popote. Msanii ndiye anayepanga bei, mnunuzi akitaka anaongeza, na msanii akiamua kugawa bure anagawa mwenyewe, kwa hiari yake. Ukurasa wa albamu una nafasi ya kuandika nani kapiga nini. Kwangu hilo ni kubwa kuliko hata pesa.

Pesa nazo ziko wazi. Bandcamp hukata asilimia 15 kwa muziki wa kupakua na 10 kwa santuri na fulana, kisha yapo makato ya malipo; kinachobaki ni cha mwenye kazi. Tangu Machi 2020 wana Ijumaa maalumu ambazo hawachukui fungu lao. Mimi hulipwa siku ya kurekodi tu, asilimia hizo hazinifikii. Lakini mwenye albamu ya tatu alikuwa ameshaniita kwa ya nne. Mauzo hayakurudisha hata gharama ya studio, huku nakala za wizi zikizagaa kila mahali, na ile ya nne haikurekodiwa.

Kasoro ipo. Lazima uwe na kadi au akaunti ya malipo ya mtandaoni. Asiye navyo anabaki nje, na wengi huanza kuiba hapohapo. Pia kampuni imebadilisha wamiliki mara mbili kwa muda mfupi: ilinunuliwa na Epic Games, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, mwaka 2022, kisha na Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, 2023, na mara hii ya pili karibu nusu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Ndiyo maana kila ninachonunua nakihifadhi kwenye diski yangu siku hiyohiyo.

Rafiki yangu aliinunua albamu. Usiku akanipigia: "Kaka, kumbe anayepiga dramu ni mwanamke?" Nikamwambia ndiyo, na ana albamu yake mwenyewe humohumo.