Niliuziwa Kuni Mbichi kwa Jina la Kuni Kavu

Mtu anayeuza kuni Nairobi katika miezi ya baridi anamjua mteja wake vizuri sana: ni mtu mwenye nyumba ya mawe isiyopata jua, mwenye mzazi mzee au mtoto mchanga ndani, na asiye na nafasi ya kungoja. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba muuzaji aliyeniletea pikapu nzima ya kuni mbichi na kuziita kavu alipitiwa tu. Alijua alichopakia, alijua anakipeleka wapi, na alijua kwamba nitakapogundua, pesa zitakuwa zimekwisha kuingia katika simu yake.

Ninaishi upande wa Lang'ata, katika nyumba ya zamani ambayo sebule yake ina meko ya mawe na dohani inayopanda hadi juu ya paa. Ndugu zangu wa pwani hawaamini wanaposikia kwamba mji ulio karibu na ikweta unahitaji moto wa ndani, lakini Nairobi imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huweza kuliziba jua tangu asubuhi hadi jioni, huku baridi ya usiku ikishuka hadi kukaribia nyuzi 10. Kuta za mawe zikishapoa, hubaki baridi mpaka mawingu yaondoke. Safari hii mama yangu, mzaliwa wa Malindi aliyezoea kulala dirisha likiwa wazi, alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya macho, na viungo vyake vilianza kumuuma mapema sana. Nilitaka moto unaowaka jioni nzima bila kumfukiza kwa moshi. Sikutaka kingine.

Nilimpigia simu muuzaji mwenye uwanja mkubwa wa kuni kando ya barabara, ambaye jirani zangu kadhaa hununua kwake. Nikamuuliza mambo ambayo mnunuzi wa kuni anapaswa kuyauliza: ni mti gani, ulikatwa lini, na kuni zilichanjwa lini. Akanijibu kwamba ni mkaratusi uliochanganywa na mwati, kwamba ulikatwa mwaka uliopita na kuchanjwa wakati huo huo, kisha akaongeza, "Kavu kabisa, madam, hata karatasi ya kuwashia hutahitaji." Bei yake ilikuwa juu kuliko ya wenzake, naye mwenyewe akaitetea kwa kusema kwamba mteja wake analipia ukavu. Maneno hayo nayakumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo aliyokuja kuyakana.

Pikapu ilifika magharibi, giza likiingia. Juu kabisa palikuwa na kuni za kijivu, nyepesi, zenye nyufa kwenye ncha na magamba yaliyoanza kubanduka, yaani kuni kavu za kweli. Chini yake yalikuwa magogo ya mkaratusi, mengi hayajachanjwa hata kidogo, magamba yakiwa yameng'ang'ania, mazito kiasi kwamba wapakuzi walikuwa wakisaidiana kuyashusha. Vipande viwili vya kuni kavu vikigonganishwa hutoa mlio mkali na wazi. Hivi vilitoa kishindo kizito tu. Nilimwita dereva aone, lakini yeye alisisitiza kwamba ana mzigo mwingine wa kupeleka Karen, na pesa nilikuwa nimekwisha kuzituma kwa M-Pesa kama alivyotaka tajiri wake kabla gari halijaingia langoni. Kufumba na kufumbua lundo lilikuwa limelala uani na pikapu imeondoka.

Jioni ile zile kuni za juu ziliwaka vizuri, mama akavuta kiti karibu na moto na kunyoosha miguu. Tulipoanza kutia zile za chini, moto ukafifia. Povu likatoka kwenye ncha za kuni, maji yakachuruzika juu ya jivu, sauti ya kuchemka ikasikika mpaka jikoni, na moshi, badala ya kupanda, ukarudi sebuleni na kumfanya mama akohoe mpaka tukafungua milango yote na kuukaribisha ubaridi tuliokuwa tukiukimbia. Mti uliotoka kukatwa unaweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake, ilhali kuni za kuchoma ndani ya nyumba zinapaswa kuwa na unyevu wa chini ya asilimia 20. Moto hauwezi kukipasha chumba joto sawasawa kabla ya kuyachemsha maji hayo na kuyageuza kuwa mvuke, na unapokuwa katika kazi hiyo hauna nguvu ya kuuteketeza moshi wake wenyewe, kwa hiyo moshi hupanda ukiwa umepoa, mzito, umejaa lami. Nililipia maji kwa bei ya kuni, kisha nikazimaliza kuni chache kavu nilizokuwa nazo katika kuyakausha maji hayo.

Seremala wa jirani alinikopesha kipimo cha unyevu, kile chenye pini mbili za kuchomeka kwenye mbao. Kupima upande wa nje wa kuni hakusaidii, kwa sababu huko ndiko hukauka kwanza. Tulipasua gogo moja na kupima uso uliotoka kufunguka. Kipimo kilisoma zaidi ya asilimia 35. Nikapiga picha, nikamtumia muuzaji pamoja na video ya lile povu, kisha nikampigia simu nikiamini kabisa kwamba mtu mzima akioneshwa ushahidi wa namna hiyo ataomba radhi na kuleta mzigo mwingine.

Alinisikiliza kidogo tu, akanikatiza: "Kwani madam, ulinunua moto au ulinunua kuni? Mimi nauza kuni. Moto ni wako." Nyuma yake nilisikia watu wakicheka. Kisha akakata simu.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi kuliko linavyostahili, na kila ninapolirudia naona ubaya wake umeongezeka. Ni sawa na muuza mbegu zilizooza kumwambia mkulima kwamba hakununua mavuno. Mtu huyu huyu ndiye aliyeniambia kwamba ninalipia ukavu. Ndiye aliyejisifu kwamba hata karatasi haitahitajika. Moto aliuuza yeye kwa kinywa chake, na bei ya moto akaipokea. Lau angesema kwamba mvua ziliuharibu mzigo, au kwamba vijana wa uwanjani walipakia lundo lisilo lake, ningemsikiliza, na pengine nisingeandika chochote. Kilichoniumiza ni kule kuchekwa huku mama yangu amejifunika blanketi chumba cha pili.

Nilipompata tena baadaye alikuwa na sababu mpya, na safari hii aliyelaumiwa ni serikali. Alidai kwamba tangu ukataji miti upigwe marufuku, kuni kavu zimeadimika, kwa hiyo mteja achukue kinachopatikana. Ni kweli kwamba Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na zuio hilo likadumu miaka zaidi ya mitano. Lakini liliondolewa Julai 2023, na tena lilihusu misitu hiyo, si miti ambayo mkulima ameipanda katika shamba lake. Mkaratusi umepandwa nchini tangu 1902, ulipoletwa kwa ajili ya kuni za magari moshi ya reli ya Uganda, na hadi leo unajaa katika mashamba ya Limuru na Kikuyu. Hata kama zuio lingekuwepo, lisingeeleza kwa nini kuni kavu ziliwekwa juu na mbichi zikafichwa chini.

Ninachojua mimi kuhusu ukavu wa kuni hapa Nairobi ni kwamba msimu wa baridi huja mara tu baada ya mvua ndefu, zile za Machi hadi Mei. Muuzaji anayeacha magogo mazima wazi katika mvua hizo, juu ya udongo uliolowa, hawezi kuwa na kuni kavu mwezi wa Julai, hata akiapa. Gogo zima lililovaa gamba lake hupoteza maji kwa shida, kwa kuwa mengi hutokea kwenye ncha zake mbili. Likichanjwa ndipo hewa hulifikia mwilini. Kazi hiyo hufanywa kabla, wakati wa jua kali la Januari na Februari, kisha kuni zikaezekwa. Mwenye uwanja wa kuni anayajua haya kunishinda.

Na mtu asidhani kwamba ninalalamikia starehe. Meko yakigoma kuwaka, kitu cha kwanza ambacho familia nyingi za mji huu hukikimbilia ni jiko la makaa, na mama alilitaka. Alisema kwao walikuwa wakiliweka chumbani wakati wa uzazi na hakuna aliyedhurika. Nilikataa kabisa, nikamweleza kwamba makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humpumbaza mtu na kumuua akiwa usingizini, na kwamba kila msimu wa baridi tunapata habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Akanielewa, lakini alilala na sweta mbili, na asubuhi vidole vyake havikukunjika vizuri. Muuza kuni anayedanganya kuhusu ukavu anawasukuma watu kwenye hatari hiyo, na sitaki kusikia kwamba hilo si jukumu lake.

Sasa nafika mahali ambapo hukumu yangu inayumba. Dereva, ambaye nadhani aliona aibu, alinipa nambari ya kijana anayechanja kuni katika uwanja ule ule, naye akaja siku yake ya mapumziko. Sitamweleza sana, asije akaharibiwa kazi, lakini sijawahi kuona mtu anayeijua kazi yake namna ile. Kabla ya kuinua shoka alilizungusha kila gogo akitazama nyufa za ncha na mahali palipo na vifundo. Magogo manene hakuyapiga katikati. Alianza pembeni, akayamenya kipande baada ya kipande kuuzunguka moyo wake. Shoka lilipokwama katika nyuzi zilizosokotana, hakulivuta kwa hasira. Alichukua kabari ya chuma na nyundo nzito, akapanua ufa pole pole mpaka gogo likafunguka lenyewe. "Mama," aliniambia, "mkaratusi uchanje ungali mbichi. Ukishakauka mzima, hutauweza."

Hakuishia hapo. Alipanga mawe uani, akalaza fito juu yake ili kuni zisiguse udongo, akazipanga kwa safu huku ncha za lundo zikipishana ili lisimame, gamba likielekea juu, kisha akafunika juu kwa mabati na kuacha pande zote wazi. Turubai ambalo sisi tulikuwa tumelifunika lundo lote aliliondoa, akisema linafungia unyevu ndani. Malipo aliyotaka yalikuwa madogo mno kwa kazi ile, na nilimwongezea. Mama alitoka nje na kiti chake kumtazama, akamwombea dua kwa sauti, na kwa mara ya kwanza katika wiki hizo nikamwona anacheka.

Nikitazama lundo lile sasa, lazima niseme ukweli: kuni zenyewe si mbaya. Mti ni mzito, makaa yake hudumu, na vile vipande vyembamba ambavyo vimeanza kukauka vinawaka kwa moto mzuri wa polepole. Mtu akinunua kwa muuzaji huyu mwezi wa Januari, akamkodi kijana yule wa kuchanja, na akawa na mahali pa kuezeka, atapata kuni nzuri sana za msimu unaofuata. Kwa hiyo ile nyota moja niliyokusudia kumpa muuzaji katika tathmini hii nilianza kuiona ndogo. Nikafikiria mbili. Nikafikiria hata tatu, kwa heshima ya yule kijana.

Kisha fundi akaja kusafisha dohani. Alishusha brashi na ikatoka imeganda kitu cheusi kinachong'aa, kigumu kama lami ya barabarani. Ni kreosoti, inayotokana na ule moshi mzito wa kuni mbichi unapogusa kuta za dohani zilizopoa, na fundi akanieleza bila kunibembeleza kwamba ikirundikana huweza kushika moto ndani ya dohani na kuliunguza paa la nyumba. Gharama ya kuikwangua ilikaribia bei ya kuni zenyewe. Nikamtumia muuzaji picha ya brashi ile. Ameiona, alama inaonesha hivyo, na hajajibu mpaka leo.

Basi nyota ni moja, na hata hiyo ni ya kijana na dereva. Ukilazimika kununua pale, nenda mchana, chagua mwenyewe gogo kutoka chini ya lundo, lipasuliwe mbele yako, lipimwe ndani, na usitume pesa kabla mzigo haujashuka wote. Akikuambia kwamba ni lazima ulipe kwanza, ondoka. Upande wa Ngong na Dagoretti wapo wauzaji wengine. Na yeye mwenyewe akisoma haya, nambari yangu anayo: akinipigia na kukiri kwamba kuni zile zilikuwa mbichi, akarudisha nusu ya pesa na kumwomba mama radhi, nitayabadilisha maandishi haya siku hiyo hiyo.