Kambi ya watoto wa kiume kule Konde, eneo zuri mno ila vyoo!

Mwanangu wa miaka 12 alikwenda kambi ya likizo ya Disemba kule Pemba, upande wa Konde ukishapita msitu wa Ngezi, na mie nilimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa sababu siwezi kumuacha mtoto sehemu sijaiona. Naandika kwa wazazi ambao kila skuli zikifungwa wanauliza vipi pale pako salama? Bei ni laki mbili na nusu kwa wiki, chakula humo humo, nauli ya boti juu yako, na boti ikishusha Mkoani bado una safari ya kukata kisiwa chote kusini mpaka kaskazini, kwa hiyo mtoto anaetapika garini mfuko uwe tayari.

Eneo lenyewe mashaallah. Minazi mpaka ufukweni, mabanda ya makuti yamepangwa mbali mbali upepo unapita, hata mchana halali mtu na jasho. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia juu, maana banda likiwa chini ya mnazi wenye nazi hiyo ni hatari tu, nikakuta minazi yote ya karibu imeshaanguliwa na makuti makavu yamekatwa. Hapo nikasema hawa wanajua kazi. Vitanda vya chuma vya ghorofa, kila kitanda na neti yake, ya mwanangu ilikuwa na tundu mbili tukashona palepale.

Bahari ndo nilikuwa naiogopa. Pembeni ya jiko kuna ubao, kila siku wanaandika kwa chaki maji yanajaa saa ngapi na ratiba ya kuogelea inafuata huo ubao, maana kujaa kunachelewa karibu dakika 50 kila siku, leo wakiogelea saa 8 kesho ni karibu saa 9. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanajaa saa 10 jioni, na asubuhi saa 4 yameshakupwa mpaka ngalawa zimelala mchangani, basi wanapiga mpira hapo hapo. Sehemu ya kuogelea imezungushwa kamba yenye maboya ya nyavu, na mwangalizi anakaa ndani ya mtumbwi nje ya kamba, sio kivulini anachezea simu. Majaketi ya kuokolea yapo ila saizi ndogo hayatoshi, wadogo wanasubiriana zamu.

Sasa vyoo. Jamani vyoo. Vinne kwa watoto kama 40, maji ya kisima yana chumvi chumvi na pampu ni ya sola, pakiwa na mawingu tangi halijai, na Disemba vuli bado ipo kwa hiyo mawingu hayakosekani, ikifika magharibi wote wanataka kutia udhu kwa pamoja bomba linatoa uzi tu. Nikamwambia msimamizi, akanijibu "mama, tangi jipya liko njiani". Njiani wapi sijui, maana mtoto wa jirani yangu alokwenda likizo ya Juni aliambiwa hivyo hivyo. Mkubwa atachota kisimani kwa ndoo, lakini wa miaka 8 mie nisingempeleka kwa sasa.

Chakula hakina neno, uji asubuhi, wali na samaki mchana, usiku muhogo wa nazi. Siku moja waliwapeleka Kidike kuangalia popo wa Pemba, wale wakubwa ambao duniani hawapo sehemu nyengine, zamani watu walikuwa wakiwawinda na kuwala, na mwanangu mpaka leo ananiuliza kama bibi yake alishawahi kuonja. Nimemwambia akamuulize mwenyewe.

Eneo nyota 5, bahari 4, vyoo 2 na hizo 2 nimewahurumia. Disemba ijayo anarudi inshaallah. Ukimpeleka wako mpe ndara pea mbili, tochi, na ndoo ndogo iloandikwa jina lake, maana za kambi zinagombaniwa.