Mashine ya Kuoshea Vyombo Inayovuja: Kutengeneza au Kununua Mpya?

Kwa mwenye nyumba ya wageni mjini Kigoma, kutengeneza kuna faida pale maji yanapotoka chini ya mlango au kwenye bomba la kuingizia maji, kwa kuwa mpira wa mlango uliokakamaa na kibano kilicholegea hubadilishwa upesi. Pengine kosa ni letu wenyewe, tuliotia sabuni ya maji ya kawaida hadi povu likafurika. Kununua mpya kunastahili iwapo beseni la ndani limetobolewa na kutu, au mashine imevuka miaka 10 na pampu nayo inavuja. Hata hivyo, mpya ikiagizwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000, hivyo mimi ningeanza na mpira wa mlango.