Lenzi ya milimita 50 kwenye Leica M6: kwa nini nimebaki na Planar

Nianze na jibu: M6 yangu, kamera ya filamu, siku hizi inakaa na Zeiss Planar 50 ya ZM (toleo la kufungwa kwenye Leica M), yenye f/2, yaani upenyo mpana wa kupitisha mwanga; namba ya f ikipanda, upenyo unapungua. Kabla yake nimetumia Jupiter-8 ya Kisovieti na Summicron ya Leica yenyewe, na Nokton ya milimita 40, ya Voigtländer, niliiazima. Zote zinatoa picha safi. Ukitumia filamu ya ISO 400 kisha ukazichanganya picha mezani, wachache sana watakuambia ipi imetoka kwenye lenzi ipi. Ndiyo maana ukali wa picha sikuuweka mbele.

Kamera za aina ya M6 huchungulii kupitia lenzi. Una kidirisha pembeni, unazungusha pete hadi taswira mbili zishikane, na mistari ya fremu ndiyo inayokuonyesha mpaka wa picha. M6 yangu ni ya ukuzaji wa 0.72, yaani kidirishani vitu vinaonekana vidogo kidogo kuliko kwa jicho tupu: fremu ya lenzi ya 50 inakaa katikati na kuacha nafasi pande zote, hivyo mpita njia unamwona anakuja kabla hajaingia kwenye picha. Mimi navaa miwani, na fremu hiyo naiona yote bila kukandamiza jicho. Ya 35 nahangaika kidogo; ya 28 ndiyo usiseme.

Nokton 40 inavutia kwa hesabu. Mshazari wa fremu ya 24 × 36 ni kama milimita 43, na lenzi ya kawaida ni ile yenye urefu unaolingana na mshazari huo, kwa hiyo 40 inaikaribia kuliko 50. Ila M6 haina mistari ya 40. Ukiifunga inatokea ya 50, na kinachozidi pembeni unakikisia, picha zote 36. Mimi ilinichosha.

Jupiter-8 ni rahisi na nyepesi, na sura za watu inazitoa laini. Usanifu wake unatokana na Sonnar, lenzi ya Zeiss ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini lenzi za Kisovieti zilipimwa kwa kiwango cha fokasi kisicholingana sawasawa na cha Leica. Ukiwa kwenye f/8 hutagundua lolote. Kwenye f/2, mtu akiwa mita moja, kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, ni takriban sentimita 5 tu: unalenga jicho, ukali unaangukia kwingine.

Summicron niliyokuwa nayo, ya muundo wa 1979, ina kile kiulimi cha kidole chini ya pete. Kikielekea chini kabisa unajua umbali bila hata kuinua kamera. Hicho ninakikosa mpaka leo, maana Planar ina kinundu tu. Lakini Planar nimeipata kwa bei ya chini, inafokasi karibu hadi sentimita 70, na pete ya upenyo inagonga kila theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu), jambo linalosaidia sana kwenye filamu ya slaidi, isiyosamehe makosa ya mwanga. Nikimpiga picha mtu aliyeligeuzia jua mgongo, nywele zinabaki nywele, haziyeyuki kwenye weupe.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi kupitia kioo cha nyuma, upenyo ukiwa wazi kabisa. Ukungu na kuvu mara nyingi havionekani kwenye picha za muuzaji. Na vichujio: Summicron huchukua vya milimita 39, Planar 43. Cha njano nimelazimika kununua kipya.