Jenereta ya kilowati 2.5 kwenye baridi ya Njombe: uzoefu wangu wa miaka miwili

Kwetu umeme ukikatika mwezi wa saba, giza ndilo tatizo dogo. Kijiji chetu kiko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upande wa barabara ya Makete, na kuna alfajiri unatoka nje unakuta nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Tuliunganishwa na umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, kwa ile ada ya shilingi 27,000, tukanunua friji, nami nikaanza kulea vifaranga vya chotara, 300 kwa awamu. Laini inayotufikia inapita katikati ya mashamba ya misindano na milingoti. Upepo ukivuma usiku wa mvua, mti mmoja ukilalia waya, tunakaa gizani masaa matatu, na safari nyingine siku mbili.

Nilinunua jenereta mwishoni mwa 2023, nchi nzima ilipokuwa kwenye mgao. Bwawa la Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024 mgao ulikwisha na tulishukuru, lakini hata megawati zake zote 2,115 hazizuii mti kuanguka kwetu. Kwa hiyo jenereta haijastaafu.

Ni ya petroli, ya kuvuta kamba, tangi lita 15, imeandikwa kilowati 2.5, na 2.8 kwa muda mfupi. Chapa siitaji kwa sababu injini hiyo hiyo ya nguvu farasi 7 inauzwa kwa majina mengi na rangi tofauti, na ninayoyasema yatakukuta yoyote utakayochukua.

Wiki ya kwanza ilinihuzunisha. Niliwasha taa sita za kupasha vifaranga, za wati 250 kila moja, friji nayo ikajiwasha. Mashine ikaguna, ikatoa moshi mweusi, swichi yake ikajikata. Nikaamini nimeuziwa bovu. Fundi pikipiki wa hapa kijijini akafungua plagi ya injini, akaniwekea kiganjani: nyeusi tii, imevaa masizi makavu yanayobaki kwenye kidole kama unga.

“Dada, hii imepimwa kwa watu wa chini,” akaniambia. “Huku juu hewa nyepesi. Inapewa petroli ya Dar na hewa ya Njombe.”

Akatoa jeti ya kabureta, kile kipande kinachopimia injini petroli, akaweka yenye tundu dogo zaidi. Moshi ukaisha. Nguvu iliyopotea haikurudi na hairudi: injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo kwangu ile 2.5 ni 2 hivi. Toa wati 1,500 za taa za vifaranga, halafu kumbuka friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya inachotumia ikishatulia. Haiwezi. Dukani hakuna aliyeniambia hilo, nami sikujua la kuuliza. Kama unaishi Makete, Mbeya, Lushoto au Limuru, piga hesabu hii kabla ya kulipa, si baada.

Kwa taa, friji, televisheni na simu, sina malalamiko. Inakunywa chini ya lita moja kwa saa. Oili niliibadilisha baada ya masaa 20 ya mwanzo kama kitabu kinavyotaka, sasa nabadilisha kila masaa 50 ingawa wanaruhusu zaidi. Ni mililita kama 600 tu, si gharama ya kumfanya mtu aue injini. Kelele ni kubwa, jirani wa nyumba ya pili anaisikia. Na msimu wa baridi ukiisha nafunga koki ya petroli naiacha iwake mpaka izime yenyewe, maana mafuta yakikaa miezi ndani ya kabureta yanaacha gundi, na hapo utavuta kamba mpaka bega liume.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutaka mashine hii inipe joto.

Hesabu yake ni hii. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9, uniti hizi hizi za umeme tunazonunua kwa LUKU. Jenereta ndogo ikikurudishia 2 imejitahidi. Zilizobaki zinatoka kwenye bomba la moshi na kwenye injini, zinapasha ukuta wa nje. Sasa vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 usiku na mchana. Taa nne za wati 250 kwa masaa 12 ya usiku zilikuwa zinanimalizia lita 11 au 12. Petroli wakati huo ilikuwa inacheza kwenye 3,000 kwa lita, kwa hiyo usiku mmoja ulikula 33,000 au zaidi. Gesi ni tofauti: kilo moja ina uniti karibu 13, na ukiichoma ndani ya banda joto lote linabaki bandani. Mtungi wa kilo 15 niliokuwa naununua kati ya 55,000 na 60,000 ulinipeleka usiku saba au nane. Si hesabu ya kubishania.

Nilifika huko kwa njia mbaya, na naandika hasa kwa sababu ya usiku ule.

Ilikuwa Julai 2024, umeme umekatika tangu mchana, ukungu umeshuka mpaka huoni banda. Mama mkwe wangu, ambaye ana zaidi ya miaka 70, analala na mwanangu wa miaka tisa. Jenereta ilikuwa imebeba taa za vifaranga, haikuwa na nafasi ya kingine. Mama akaomba jiko la mkaa chumbani. Tulifanya kama tulivyofanya miaka yote: mkaa wa miwati ukawashwa nje, ukaachwa mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu safi, ndipo likaingizwa ndani. Dirisha lilikuwa na upenyo, tukauziba kwa kitenge.

Saa tisa usiku niliamshwa na kimya. Jenereta ilikuwa imezima. Baadaye tuligundua udongo chini yake ulititia upande mmoja kwa mvua, mashine ikainama, na kitambuzi cha oili kikadhani oili imeisha kikakata. Nikatoka na tochi kuiwasha. Nikipita mlango wa Mama nikasikia mtoto analia taratibu. Nilikuta amekaa kitandani, ametapika, ameshika kichwa.

“Mama, kichwa kinapasuka.”

Nikamwita Bibi yake. “Mama! Mama, amka!” Hakujibu. Nikamtikisa bega, akafungua macho akanitazama kama mtu asiyenijua. Mimi na mume wangu tukawabeba wote wawili mpaka barazani, tukawafunika mablanketi juu ya blanketi, kwenye baridi ile, kwa sababu nje ndiko kulikuwa na hewa. Kulipokucha tukawapeleka kituo cha afya. Walipona, namshukuru Mungu kila siku.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Mkaa ukiungua mahali hewa haitoshi unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika kwenye damu mahali pa oksijeni na kung'ang'ania. Unasikia usingizi na kichwa kizito, unadhani ni uchovu. Kila msimu wa baridi huku nyanda za juu tunasikia watu waliolala na jiko hawakuamka. Moshi wa jenereta una gesi hiyo hiyo, tena nyingi, kwa hiyo barazani, jikoni au chini ya dirisha si mahali pake. Yangu sasa iko mita nane kutoka nyumbani, juu ya zege lililonyooka, chini ya kipaa cha bati kisicho na kuta.

Baada ya usiku ule nilitenganisha kazi. Chumba cha Mama tumejenga jiko la matofali ya kuchoma lenye dohani inayotoka juu ya paa. Tunachoma miwati mikavu na matawi ya msindano tunayopogolea. Tunaliwasha saa kumi na moja jioni, tunaacha kutia kuni saa mbili, na matofali yanabaki na uvuguvugu mpaka usiku wa manane. Ndani ya blanketi anawekewa chupa ya maji moto. Kengele ya kaboni monoksaidi tuliagiza Dar, imening'inia karibu na kitanda.

Vifaranga wako kwenye bruda ya gesi, kile kifaa cha kuwapasha joto, imening'inizwa zaidi ya mita moja juu ya maranda, na tundu za hewa za juu za banda hazizibwi hata kukiwa na baridi ya namna gani. Hapo nilijifunza jambo moja la mtungi. Nilianza na wa kilo 6 kwa kuwa ni rahisi kubeba. Usiku wa baridi kali ulitoa jasho, ukapakwa barafu nyembamba chini, mwali ukafifia wakati gesi bado ipo. Gesi inahitaji joto ili igeuke kutoka maji kuwa hewa, na mtungi mdogo haupati la kutosha. Wa kilo 15 haujanisumbua.

Jambo la mwisho ni waya. Kuna watu hapa wanachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye vichwa viwili. Naomba tuache. Umeme ule unatoka nyumbani kwako, unapanda transfoma kinyumenyume, unaingia kwenye laini ya volti 33,000 ambako kijana wa watu amepanda nguzo akijua imezimwa. Fundi umeme alinifungia chenjiova, swichi inayochagua ama gridi ama jenereta, haiwezi vyote viwili.

Ningenunua tena? Kwa kazi ya taa na friji, ndiyo, ingawa fedha ikiruhusu ningechukua ya inveta, ambayo hupunguza mwendo mzigo ukipungua, hunywa kidogo na haipigi kelele nyingi. Kwa joto, hapana, hata ya kilowati 5.

Agosti iliyopita tulikaa bila umeme siku mbili kasoro. Jenereta iliwaka masaa matatu asubuhi na matatu jioni, friji ikabaki baridi, simu zikajaa, lita kumi na moja zikatosha kwa muda wote. Kati ya vifaranga 300 wa siku nne tulipoteza watatu. Waliobaki niliwakuta alfajiri wametawanyika bandani wanakula, hakuna waliorundikana.