Bampa ya kuchomelea ya pikipiki ya Boxer: nimeshaidondokea mara mbili, haya ndo majibu

Wazee naandika hii sababu kila nikipaki kijiweni lazima mtu ainame aangalie bampa yangu, yani lile bomba la mbele la kulinda injini, af aulize umenunua wapi. Sijanunua, nimechomelewa huku huku Gongo la Mboto, Dar, jumla imenitoka 38,000 ukiacha soda ya fundi.

Boxer yangu ni ya mkataba, kwahiyo kikivunjika kitu bosi hakimuhusu, yeye anataka hesabu yake jioni. Mwaka jana nikajipinda nikanunua bampa ya dukani Kariakoo, duka silitaji, 45,000, inang'aa kama kijiko cha harusini. Haikumaliza miezi miwili nikateleza Kivule, pale mchanga ukimwagika juu ya lami, spidi hata 30 haifiki, nikalala upande wa kushoto. Bampa ikajikunja kama henga ya nguo, ncha yake ya chini ikaingia kwenye kava ya magneti ikatoboa, oili yote chini. Yani kitu nimekifunga kilinde injini ndo hicho hicho kimeitoboa. Baadae nikaikata kwa msumeno nione ndani, bomba jembamba kama kopo la maziwa.

Sasa huyu fundi ni mzee mmoja anachomelea mageti na madirisha, pikipiki anafanya akijisikia. Swali lake la kwanza: "Kijana, unataka bampa ya kupigia picha au ya kudondokea?" Nikamwambia ya kudondokea mzee wangu. Mi nilienda na wazo langu kichwani la nondo ya milimita 16, najua nondo hapo tumemaliza mchezo, akanikatalia kabisa. Akasema nondo ngumu vile haitaki kukunjika, sasa ukidondoka ile nguvu unadhani inaishia wapi, inaenda kwenye bolti za injini na kwenye fremu. Bomba likipinda unalipa bomba, fremu ikipinda umeua pikipiki ya watu. Nikanyoosha mikono.

Alitumia bomba jeusi la duara la inchi moja, unene milimita 2, vipande vilivyobaki kwenye kazi ya geti ndo maana kanipigia 8,000 tu. La maji lile lenye zinki hakulitaka, zinki ikipigwa moto inatoa moshi mweupe unaomwachia fundi homa usiku, wenzake wanakunywa maziwa wanasema ndo dawa, yeye anasema dawa ni kutouvuta.

Kwenye kupinda ndo nilikaa chini nikaangalia kama mpira. Kwanza alikaanga mchanga kwenye sufuria, kweli kabisa, kama karanga, mpaka ukakauka, maana ukibaki na maji yanageuka mvuke humo ndani na bomba limezibwa linaweza kulipuka. Akaujaza kwenye bomba, akashindilia kwa kugonga gonga, akaziba ncha zote kwa vigingi vya mti, akalilaza kwenye makaa mpaka likawa jekundu, kisha akalikunja polepole kuzungukia ringi kuukuu. Kona imetoka mviringo safi, haijabonyea hata kidogo. Ukikunja bila mchanga linabonyea ndani, na likibonyea hapo ndo litakapokatikia siku yako.

Kwenye fremu hakuchomelea hata nukta moja. Juu kafunga na yuboti mbili (bolti zilizopinda kama herufi U) kwenye lile bomba la mbele la fremu, katikati kaweka kipande cha tairi isisage rangi, chini imeingia kwenye bolti inayoshika injini mbele. Ya zamani ilikuwa fupi nikanunua ndefu, ile ngumu iliyoandikwa 8.8 kichwani, na yuboti zake, 6,000. Kabla ya kushikiza alinitolea terminali za betri, akapiga nukta mbili tatu tu kwenye bampa yenyewe, akaifungua akaenda kuchomelea pembeni. Af akanikalisha juu, akageuza usukani pande zote, akaning'inia kwenye shokapu za mbele mpaka zikazama kuona kama madigadi itagusa. Upana ukaishia ndani ya usukani, hapo nikaelewa huyu mzee anajua.

Kitu kimoja nimeongeza mwenyewe. Watu wanazungushia tyubu kwenye kona za bampa, inapendeza sawa, ila mpira unashika lami na pikipiki inaweza kuzungushwa badala ya kuteleza. Mi nimekata vipande vya duara kwenye kibao cha plastiki cha kukatia nyama, nimevifunga kwa bolti zilizozama ndani. Kibao nilikitoa jikoni bila kuaga, mama watoto anakitafuta mpaka leo.

Lawama zipo. Aliniambia njoo kesho nikachukua siku ya nne. Rangi ya 4,000 kaipiga bila praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mwezi haujaisha kutu hiyo. Na kuanzia spidi 60 ilikuwa inaimba, wiki ya kwanza nati mbili zikalegea kabisa, nikaweka wosha za springi na nati zenye plastiki ndani, sa hivi kila jumapili napitisha spana. Ufundi ni 20,000 hapunguzi, usijisumbue.

Kudondoka: ya kwanza Pugu kwenye tope, nimesimama na gunia la mkaa nyuma, kibao kikachubuka basi. Ya pili bajaji ilinikatia, nilikuwa kama 40 hivi, nikalala kulia. Bampa imeingia ndani vidole vitatu, kava ya klachi nzima, pedali ya breki nzima, ekzosi imeparuzwa nyuma huko ambako hakuna ulinzi. Fundi kanyoosha kwa 5,000, ila kasema ikipinda tena hapo hapo anakata anaweka bomba jipya.

Goti langu lilichunika lakini, na hapa wengi wanajidanganya. Bampa ni ya injini. Kuna utafiti wa ajali za pikipiki wa Marekani, wa Harry Hurt kule Los Angeles, ulitoka 1981, wao wenyewe waliona bampa inapunguza majeraha ya kifundo na wayo af inaongeza ya goti na paja, yani ngoma droo. Na nyie mnaopandisha miguu juu ya bampa mkiwa kwenye lami, oya, shusheni.

Nampa nyota nne, ya tano naishikilia mpaka apige praima. Wiki ijayo namrudia anitengenezee ya nyuma upande wa ekzosi, safari hii kibao nanunua.